Dini, ukoo na tiketi ya chama: njia ya binti wa Kiislamu kuelekea bunge la kaunti

Binti wa Kiislamu anapotangaza kule Mumias ya Kakamega, Kaloleni ya Kisumu au Bondeni ya Nakuru kwamba anawania kiti cha mwakilishi wadi, majibu matatu humfikia kabla hata hajachapisha bango. La kwanza ni kwamba dini hairuhusu. La pili ni kwamba ukoo umekwisha kukubaliana juu ya mtu mwingine, na kwamba yeye ni wa kuolewa, haijulikani kesho atakuwa mpiga kura wa wapi. La tatu husemwa kwa upole, na mara nyingi na watu wanaomtakia mema: ya nini kujichosha na kura, binti yangu, na viti vya kuteuliwa vipo? Majibu haya hutolewa kwa mkupuo mmoja kana kwamba ni hoja moja, ilhali kila moja lina chanzo chake na watu wake. Kwa maoni yangu lile la tatu, lenye sura ya hisani, ndilo linalowagharimu wasichana hawa zaidi.

Upande wa sheria hauna utata mkubwa. Kifungu cha 193 cha Katiba ya 2010 kinamtaka mgombea wa bunge la kaunti awe mpiga kura aliyesajiliwa, atimize masharti ya elimu na maadili yaliyowekwa, na ama ateuliwe na chama au, akiwa mgombea huru, aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi anayoiwania. Sharti la shahada ya chuo kikuu kwa wawakilishi wadi lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2021. Ada ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kwa kiti hiki si kubwa, na wanawake na vijana hulipa nusu. Kuhusu mavazi, ambayo wapinzani hupenda kuyataja kwa kuzungukazunguka, Kifungu cha 27 kinapoorodhesha misingi ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo kinataja dini, jinsia, umri na hali ya ndoa, kisha kinataja mavazi kwa jina. Mwenye buibui na hijabu kwa hiyo hahitaji fadhila ya mtu yeyote ili picha yake iwekwe kwenye bango.

Suala la dini ndilo linalohitaji subira, kwa sababu wanaolitaja wana andiko mkononi. Andiko lenyewe ni hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa sahaba Abu Bakra, kwamba Mtume, alipopata habari kuwa Waajemi wamemtawaza binti wa Kisra, mfalme wao, alisema hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Wanazuoni wengi wa zamani waliichukua hadithi hii kuwa kanuni inayohusu uongozi mkuu wa umma wote, yaani ukhalifa, ambao ndani yake mlikuwa na uongozi wa sala, uamiri wa jeshi na kauli ya mwisho katika hukumu. Walipofika kwenye nyadhifa za chini yake hawakuwa na kauli moja. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, anajulikana kwa kukubali mwanamke awe kadhi katika mambo ambayo ushahidi wake unapokelewa, na kutoka kwa mwanazuoni Ibn Jarir al-Tabari imenukuliwa rai pana zaidi ya hiyo. Wako pia wanaosema kwamba maneno yale yalihusu tukio maalumu la ufalme wa Uajemi uliokuwa ukiporomoka, na hao huitaja sura ya An-Naml, ambamo Malkia wa Saba anaonekana akiwakusanya wakuu wake, akiwataka shauri, akipima hatari ya vita, na mwishowe akiwaokoa watu wake kutokana na maangamizi.

Mjadala huo una uzito wake, lakini hapa swali ni jembamba zaidi: mwakilishi wadi ana mamlaka ya namna gani? Hana jeshi, hahukumu, wala hasalishi mtu. Ni mtu mmoja katika bunge la watu kadhaa. Katika Kaunti ya Kakamega wadi ni 60, Kisumu ni 35 na Nakuru ni 55. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti pamoja na wenzake, kupitisha bajeti, kumhoji gavana na mawaziri wake, na kuwa kiungo kati ya wadi na ofisi. Kwa lugha ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hiyo iko karibu na uwakala na ushauri kuliko utawala, na mwanamke kuwa wakili wa mtu mwingine si jambo geni katika vitabu vya madhehebu yoyote. Aya ya kumi na mbili ya sura ya Al-Mumtahana inaeleza jinsi wanawake walivyokuja kwa Mtume kutoa ahadi yao ya utii wao wenyewe, bila ya baba wala mume kuwasemea. Sheikh anayepinga bado anaweza kuwa na hoja zake, lakini anapaswa kuulizwa kwanza anapinga nini hasa: cheo, au mazingira ya kukipata cheo.

Ukikaa na maimamu na wazee wa msikiti wa huku kwetu na kuwauliza hivyo, utaona mara nyingi wanahofia mazingira. Mikutano ya vyama hufanyika usiku hotelini. Msafara wa kampeni hujaa vijana wa bodaboda wanaolipwa kwa siku, baadhi yao wakiwa wamelewa. Mgombea hupanda juu ya gari, hucheza muziki, hushikwa mikono na kila mtu. Hofu hizi hazina msingi dhaifu, na wanawake wa Kikristo nao wanazo, ila tofauti ni kwamba zina majibu ya kiutendaji: kaka au mjomba anayeandamana naye, mikutano inayofungwa kabla ya magharibi, meneja wa kampeni anayejulikana na familia. Hofu ya mazingira inapovishwa kanzu ya fatwa, mazungumzo hufungwa mahali ambapo yangepaswa kuanza.

Hapo inafaa kukumbuka kuwa Waislamu wa magharibi mwa Kenya wako katika hali tofauti na wenzao wa Pwani na Kaskazini Mashariki. Sophia Abdi Noor aliposhinda ubunge wa Ijara mwaka 2017, na Fatuma Achani alipochaguliwa gavana wa Kwale mwaka 2022, kila mmoja wao alikuwa akiomba kura mahali ambapo Waislamu ni wengi. Hesabu ya Mumias ni nyingine. Uislamu uliingia katika nchi ya Wanga katika karne ya 19, wafanyabiashara Waswahili walipopokewa katika makao ya Nabongo (mfalme wa Wanga) Shiundu na baadaye mwanawe Mumia, na hadi leo mji huo una misikiti, shule na koo zenye majina ya Kiislamu kwa vizazi kadhaa. Lakini kwa nchi nzima sensa ya 2019 iliwahesabu Waislamu kuwa takriban asilimia 11, na hata katika wadi ambamo adhana inasikika mara tano kwa siku mgombea hawezi kushinda kwa kura za msikitini peke yake. Kwa hiyo fatwa dhidi yake inaweza kumwondolea kura za jirani zake, lakini baraka za sheikh hazitamtosha. Anahitaji mama mboga Mkatoliki, mkulima wa miwa Mwanglikana na fundi pikipiki ambaye haendi popote Jumapili.

Hivyo tunafika kwenye ukoo. Siasa za wadi katika eneo hili huendeshwa kwa hesabu ya koo: safari hii kiti kiende upande huu, safari ijayo upande ule, na wazee hukaa chini ya mwembe wakapatana mapema. Katika makubaliano hayo msichana hana mzani. Asipoolewa huambiwa kwamba akiolewa atakipeleka kiti kwa watu wengine. Akiolewa ukooni kwa mumewe huambiwa arudi kwao akaombe kura kule, na akirudi kwao huambiwa ameolewa, hana neno hapa. Mwanamume anayehamia mjini Kisumu akaishi huko miaka ishirini haulizwi swali hili. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kikwazo hiki hakitokani na Uislamu hata kidogo. Jirani yake Mkristo hukutana nacho vilevile. Tofauti ni kwamba binti wa Kiislamu huletewa cha ukoo kikiwa kimechanganywa na cha dini, hata mwenyewe akashindwa kujua amjibu mzee kwa aya au kwa nasaba.

Wala si kweli kwamba wapiga kura wa huku hawajawahi kumwamini mwanamke. Kisumu ilimpata Grace Onyango kuwa meya mwaka 1965, meya wa kwanza mwanamke nchini, na mwaka 1969 mji huohuo ukampeleka bungeni kuwa mbunge mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Kenya. Nakuru mwaka 2022 ilichagua wanawake kwa ugavana na useneta kwa mpigo mmoja, Susan Kihika na Tabitha Karanja. Ila wote walikuja na kitu ambacho msichana wa miaka 27 wa Bondeni hana: jina lililokwisha kujulikana, na kwa hawa wawili wa mwisho, tiketi ya chama ambacho mawimbi yake yalikuwa yakivuma katika kaunti nzima.

Kuna jambo moja la kienyeji ambalo wachambuzi wa mijini hulipita, nalo ni mazishi. Katika nchi ya Waluhya na ya Waluo siasa za wadi huzaliwa matangani. Siku ya Jumamosi hema hufungwa, vipaza sauti huwekwa, na baada ya ibada msema chochote, yaani mwongoza shughuli, huanza kuwaita viongozi kwa mpangilio wa vyeo: wazee wa mtaa, chifu, wawaniaji, mwakilishi wadi, hadi mheshimiwa mbunge. Mwaniaji mgeni hupewa dakika mbili, na katika dakika hizo huwa amesema jina lake, ukoo wake na pole zake, na ameacha bahasha kwa familia. Wiki ishirini za namna hiyo hujenga jina kuliko bango lolote. Sasa mtazame binti wa Kiislamu. Mazishi ya watu wake hufanyika siku hiyohiyo au kesho yake, hayana kipaza sauti wala hotuba, na wanawake kwa desturi hawafuati jeneza hadi makaburini. Jamii yake mwenyewe, kwa hiyo, haimpi jukwaa ambalo mpinzani wake anapewa kila Jumamosi. Ijumaa nako mambo ni hayohayo: wawaniaji wanaume husimama nje ya msikiti wakisalimiana na waumini wanaotoka, wakati yeye yuko upande wa wanawake, nyuma ya pazia au ghorofani, na akitoka umati umekwisha kutawanyika.

Lakini nyuma ya pazia hilo kuna uwanja ambao mwanamume hana njia ya kuuingia. Harusi ya Kiislamu ina siku ya wanawake peke yao. Madrasa za akina mama, maulidi ya nyumbani, chama cha kuchangiana sufuria na viti, foleni ya wazazi wanaowasubiri watoto wa chuo cha Kurani saa kumi za alasiri: huko kura huzungumzwa bila msema chochote. Mwanamke anayejulikana huko kwa kuwaandikia wenzake fomu za basari, au kwa kuwasindikiza hospitali, huwa na orodha ya majina ambayo mwaniaji wa kiume angeinunua kwa bei ghali. Kasoro ya uwanja huu ni kwamba una mipaka. Unampa msingi wa kura mia kadhaa za kuaminika, si ushindi. Ndiyo maana wanaofika mbali ni wale wanaouchukua msingi huo na kuupeleka soko la Kibuye mjini Kisumu au sokoni Mumias, kwa wanawake wa vyama vingine vya kuweka na kukopa, kisha wakaingia matangani kwa Wakristo wakiwa na watu wa kuwatambulisha.

Turudi sasa kwenye viti vya kuteuliwa, kwa sababu hesabu yake haieleweki na wengi. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa bunge la kaunti, na Kifungu cha 177 kinaamuru pengo lizibwe kwa viti maalumu baada ya uchaguzi. Chukua mfano wa bunge la wadi 60 ambamo wanaume wameshinda 54 na wanawake 6. Ili wanaume 54 wasizidi theluthi mbili, bunge linapaswa kuwa na watu 81, na kwa hiyo wanawake 21 zaidi huingizwa kupitia orodha za vyama, nikiacha kando viti vya vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa. Laiti wanawake wangeshinda wadi 20, kusingekuwa na nyongeza hata moja. Kila mwanamke anayeshinda wadi hupunguza viti ambavyo viongozi wa chama wanaweza kuvigawa, na kila mwanamume anayemshinda mwanamke huviongeza. Sheria iliyokusudiwa kuwa sakafu imegeuka dari: chama kinaweza kuwapa wanaume tiketi za wadi zote kikijua kwamba theluthi ya wanawake itatimia yenyewe. Hapo ndipo inapotoka ile kauli ya upole ya kumwambia binti asubiri kuteuliwa. Matokeo yanaonekana katika hesabu ya nchi: kati ya wadi 1,450, wanawake waliochaguliwa walikuwa 96 mwaka 2017 na takriban 115 mwaka 2022.

Na kiti cha kuteuliwa si kiti kilekile kwa jina jingine. Aliyeteuliwa hupiga kura bungeni kama wenzake, lakini hana wadi, na katika kaunti nyingi fedha za maendeleo na basari hufuata wadi. Aliyepata kiti kwa orodha anadaiwa na walioiandika orodha. Akivutana na chama na kuonekana amejiuzulu uanachama, kiti humponyoka. Orodha hiyo hufungwa kabla ya siku ya kura, na viti hugawiwa vyama kwa uwiano wa wadi kila chama kilizoshinda, kwa hiyo jina zuri katika orodha ya chama kisichopata wadi ni karatasi tu. Mizozo juu ya mpangilio wa majina hupelekwa kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na asiye na nauli na wakili wa kumfikisha huko huiacha haki yake njiani. Sisemi kiti hicho kikataliwe. Kwa Mnubi wa Kibos, Kisumu, ambaye kwa wingi wa watu hawezi kushinda wadi yoyote, orodha ya makundi yaliyotengwa inaweza kuwa mlango pekee. Ninachosema ni kwamba mwenye uwezo wa kushinda wadi akikubali kuahidiwa uteuzi, amebadilisha wapiga kura elfu kadhaa kwa mabwana wachache.

Fedha nitaieleza kwa kifupi kwa kuwa kila mtu anaijua. Sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa mwaka 2013, na chaguzi za 2017 na 2022 zilipita bila kikomo chochote kutekelezwa. Hongo kwa mpiga kura ni kosa chini ya sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016, lakini anayepita sokoni bila kuacha cha sabuni husikia mwenyewe maneno yanayomfuata mgongoni. Kwa Muislamu kuna shida ya ziada kwamba rushwa imeharamishwa kwake kwa kauli iliyo wazi, mtoaji na mpokeaji, na wale waliomwambia siasa ni haramu kwa mwanamke mara chache utawasikia wakisema hivyohivyo juu ya bahasha ya mgombea mwanamume.

Akishinda, atafanya nini? Hapa ndipo ningependa mazungumzo yangeanzia. Watu humwomba mwakilishi wadi mambo ambayo hayamo mikononi mwake: polisi, shule za upili, mahakama ya kadhi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti mambo mengine, na ukilisoma kwa jicho la Muislamu wa mji kama Mumias au Kisumu linashangaza kwa ukaribu wake. Makaburi ni kazi ya kaunti. Jamii inayozika ndani ya saa chache inahitaji kiwanja kilichopimwa, chenye hati na njia ya kupita gari, na kiwanja kikijaa ni bunge la kaunti linalopitisha bajeti ya kingine. Vichinjio ni kazi ya kaunti, pamoja na leseni za wauzaji chakula na za vileo. Masoko, zahanati, maji na elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti, na chekechea ndiyo inayogongana na ratiba ya chuo cha Kurani asubuhi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalowahusu Waislamu peke yao, na hiyo ndiyo faida yake: anayesimama kwa ajili ya choo cha wanawake sokoni na taa ya njia ya kuelekea makaburini hana haja ya kuchagua kati ya msikiti na wadi.

Kalenda ya 2027 nayo ina mitego yake. Uchaguzi umepangwa kuwa tarehe 10 Agosti. Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari na kumalizika mapema Machi, mwezi ukiandama hivyo, na katika chaguzi mbili zilizopita kura za mchujo za vyama vikubwa zilifanyika Aprili. Majuma ambayo wapinzani wake watakuwa wakizunguka usiku kwa wajumbe wa chama, yeye atakuwa jikoni akiandaa futari na kisha kwenye tarawehe, sala ya usiku ya Ramadhani. Anayetaka tiketi ya chama afadhali awe amekwisha kuwafikia wajumbe hao kabla ya Januari kuisha. Anayetaka kuwa mgombea huru anapaswa kuwa nje ya chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya kura, maana yake kabla ya Mei 10, na hili si la kupuuza hata kwa asiyewahi kujiunga na chama, kwani Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa vyamani bila ya kuulizwa. Msajili wa Vyama vya Kisiasa ana njia ya mtandaoni ya kukagua jina kwa nambari ya kitambulisho, na ya kujiuzulu. Akikuta jina lake humo, ajiuzulu mapema na autunze uthibitisho, kwa sababu mpinzani wake naye anaweza kuikagua sajili hiyo na kumpeleka mbele ya tume siku ya kuwasilisha karatasi.